Mnunuzi Aulizwe Kwanza

KATIKA mtaa wa Kihesa, mjini Iringa, ipo karakana moja ndogo ya kuchomelea vyuma ambayo mpita njia aweza kuipita mara kumi asiitambue. Mwandishi wa safu hii aliifikia wakati wa kipupwe cha nyanda za juu, baridi ambayo sisi watu wa visiwani hatuijui ila kwa kusimuliwa, na shabaha yake ya kwanza ilikuwa kuota moto. Ukutani, juu ya ubao mrefu, yalikuwa yamepangwa majiko 11 ya mkaa, mapya kabisa, yaliyopakwa rangi ya fedha na kufunikwa na vumbi la miezi mingi.

Tulimwuliza fundi kwa nini majiko mazuri namna ile yanakaa bure. Akatueleza kwamba alifundishwa kuyaunda katika mafunzo ya wiki mbili, kwamba yana udongo wa kufinyanga ndani, na kwamba yanapunguza matumizi ya mkaa. Yote hayo ni kweli. Kisha akanyoosha kidole kwenye fremu iliyoning'inia juu ya majiko hayo, akasema, "Na cheti changu kile pale, mzee." Cheti kilikuwa safi kuliko majiko.

Alichokuwa akikiunda siku ile kilikuwa kitu kingine kabisa. Mama lishe mmoja wa jirani, ambaye huwapikia wanafunzi wa vyuo vilivyo upande huo wa mji, aliwahi kuja kuyatazama yale majiko ya fedha, akayageuza, akayagonga kwa kucha, kisha akaondoka. Fundi alimfuata barabarani kumwuliza kasoro gani ameiona. Yule mama akajibu kwamba kasoro hakuna, ila yeye hanunui mkaa. Anapikia mabanzi ya mbao kutoka kwa wapasua magogo, ambayo bei yake ni nafuu mno, na banzi halipenyi katika mdomo wa jiko lile. Akaongeza kwamba wanafunzi wake huja wote kwa saa moja, hivyo hahitaji chungu kimoja kiive upesi bali viwili viive pamoja. Na la mwisho ndilo lililotufurahisha zaidi: jiko lenye miguu mirefu huyumba ugali unaposongwa. Msongaji wa ugali wa watu 40 hutumia nguvu za mikono yote miwili, naye hana mkono wa tatu wa kushika sufuria.

Basi fundi akakaa chini, akakata vyuma upya. Jiko jipya ni fupi, lina mdomo mpana na matundu mawili, na juu ya kila tundu amechomelea pete yenye meno matatu ya kuibana sufuria isizunguke. Halina rangi ya fedha. Tulipofika alikuwa akimalizia la saba, na mwenye kulihitaji alikuwa ameketi nje juu ya gogo, akingoja.

Tumeanza na kisa hiki kidogo kwa sababu kimebeba jambo kubwa linalowahusu wananchi wa visiwa hivi pamoja na viongozi na watumishi wa serikali wanaousoma ukurasa huu. Waswahili walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa heshima zote kwa wahenga, majiko 11 ya Kihesa yalikuwa mazuri na hayakujiuza. Uzuri wa kitu haumo ndani ya kitu peke yake. Umo pia katika moto wa yule anayekitumia, katika chungu chake, katika mfuko wake wa fedha, na katika saa ambayo wageni wake humjia na njaa.

Taifa letu lilikwisha kulipa ada kubwa kwa kujifunza somo hili, na pengine limelisahau. Mnamo miaka ya 1970 ulibuniwa mradi wa kiwanda cha viatu mjini Morogoro, kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Kiwanda kilikusudiwa kutoa jozi zipatazo milioni nne kwa mwaka, na sehemu kubwa ya jozi hizo ilitarajiwa kuuzwa Ulaya. Mashine za kisasa zilifika, majengo yakasimama, hata kama kuta zake za bati hazikufaa kwa joto la Morogoro. Uzalishaji ulianza mapema katika miaka ya 1980, lakini kiwanda hakikuwahi kufikia hata sehemu ya kumi ya uwezo wake, na soko lile la Ulaya halikupatikana. Mwaka 1990 kikafungwa, deni likabaki.

Watu wengi wamekwisha kuandika juu ya mashine za Morogoro, uhaba wa vipuri, uhaba wa ngozi bora, na udhaifu wa usimamizi. Hatuyapingi hayo. Lakini twaona kuna swali lililotangulia yote, nalo ni hili: ni mguu wa nani uliopimwa? Mwenye mguu wa Ulaya alikuwa na wauzaji wengi wa viatu mlangoni pake wala hakuwa ameomba kingine. Na wakati uleule mkulima wa Tanzania alikuwa akivaa katambuga, yaani ndara zilizokatwa kwa tairi kuukuu na mafundi wa chini ya mwembe, wasio na mkopo wa benki wala mhandisi mshauri. Katambuga haipendezi arusini. Lakini haitobolewi na mwiba, hailoweki kwa umande, na bei yake ilimfaa mnunuzi. Fundi wa katambuga aliufahamu mguu aliokuwa akiuvisha, kwa kuwa na wake ulikuwa wa namna hiyohiyo.

Mfano wa upande wa pili ni wa karibu zaidi. Mnamo mwaka 2005 kampuni ya Safaricom ya Kenya ilifanya majaribio ya kuwawezesha wakopaji wadogo kurejesha mikopo yao kwa simu. Huduma ilibuniwa kwa ajili ya marejesho. Wenye kuifanyia majaribio, hata hivyo, walikutwa wakiitumia kwa mambo ambayo hakuna aliyeyapanga, na hasa kupelekeana fedha wao kwa wao. Kampuni ingeweza kuwakemea kwamba wanakwenda kinyume na maelekezo. Badala yake iliwatazama, ikauacha mpango wake wa kwanza, na mwezi wa Machi 2007 ikaizindua M-Pesa kuwa njia ya kutuma fedha nyumbani. Mwaka uliofuata Vodacom ikaileta Tanzania. Kabla ya hapo mfanyakazi wa Dar es Salaam aliyetaka kumpelekea mama yake fedha Iringa alimkabidhi bahasha kondakta wa basi, na wa kwetu alimpa mtu wa chomboni, kisha wote wawili wakalala wakiomba dua. Haja hiyo ilikuwapo miaka yote. Aliyekosekana ni wa kuitazama kwa makini.

Sasa tugeuke tutazame pwani yetu wenyewe, maana kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na hiki cha mwani tunakilalia. Kilimo cha mwani kwa biashara kilianza katika pwani ya mashariki ya Unguja mnamo mwaka 1989, na tangu siku za mwanzo kazi hii imekuwa mikononi mwa wanawake. Kuna aina mbili kuu, spinosamu na kotonii, na kotonii ndiyo yenye bei nzuri. Lakini bahari ya maji mafupi ilipozidi kupata joto, kotonii ilianza kufa mashambani, na wakulima wengi wakabaki na ile ya bei ndogo. Watafiti, na mbele yao Dk. Flower Msuya wa Taasisi ya Sayansi za Bahari, walitafuta njia ya kuilima katika kina kirefu, ambako maji ni baridi zaidi, kwa kutumia nyavu za mfano wa bomba zinazoushika mwani usichukuliwe na mawimbi. Ni ubunifu wa kupongezwa, nao ulitokana na shida halisi.

Hata hivyo huko kwenye kina kirefu ndiko linakoonekana jambo ambalo mwanamke wa Paje au Jambiani angelitaja kabla ya mengine yote. Wengi wa wakulima hawa hawajui kuogelea, na hawana vyombo. Shamba la kale walilifuata kwa miguu wakati wa maji kupwa, kanga imefungwa kiunoni. Shamba jipya halifikiki kwa miguu. Kwa hiyo wavu peke yake ni nusu ya bidhaa. Nusu ya pili ni mashua, na mtu wa kuwafundisha kuogelea watu wazima wenye stara zao, kwa wakati na mahali panapowastahi. Afisa anayeandika mpango wa kugawa nyavu bila ya kuandika hayo mengine anafanana na yule mkufunzi wa majiko ya fedha. Ni mtu mwema, na amekuja na nusu ya jibu.

Kuhusu sabuni na mafuta ya mwani yanayotengenezwa sasa na vikundi vya akina mama, tuna furaha na tuna wasiwasi. Furaha ni kwamba mwani uliosagwa na kutiwa katika sabuni humpa mkulima malipo ambayo gunia la mwani mkavu haliwezi kumpa. Wasiwasi ni kwamba sabuni nyingi za namna hii zimemlenga mnunuzi mmoja tu, yaani mtalii. Si kosa kumuuzia mtalii. Fedha yake ni fedha. Lakini mwaka 2020 watalii walipokatika kwa ajili ya maradhi ya korona, kila aliyekuwa na mnunuzi wa namna moja alionja uchungu wake. Je, nani amekwenda Mwanakwerekwe au Chake Chake kumwuliza mama wa nyumba angependa sabuni ya mwani ya ukubwa gani, na kwa bei gani? Pengine atasema haitaki. Hilo nalo ni jibu la kumfaa mtengenezaji, na ni afadhali alipate kabla ya kununua ndoo 20 za mafuta ya nazi.

Iringa yenyewe ina mfano wa kumjua mtalii barabara. Neema Crafts, kazi iliyoanzishwa mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana, ilianza kwa kuwafundisha vijana wachache viziwi kutengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo. Msomaji asicheke. Mgeni anayetoka kuwatazama tembo katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha anataka kitu cha kumkumbusha safari, kitu chepesi cha kuwekwa katika mkoba, chenye hadithi ya kusimulia kwao. Karatasi ile inayo hadithi mbili, ya tembo na ya kijana aliyeitengeneza. Baadaye likaongezeka duka la chakula ambamo wahudumu ni viziwi. Hayo yalipatikana kwa kuanza na uwezo wa mwenye kutengeneza na haja ya mwenye kununua, vikakutana katikati.

Lakini habari tuliyokusudia kuwaletea watu wa visiwani kutoka Kihesa ni ya mbatata, au kama wasemavyo wenzetu wa bara, viazi mviringo. Sehemu kubwa ya mbatata tunazokula huku zinatoka Njombe, Iringa na Mbeya. Hupanda lori hadi Dar es Salaam, huvuka kwa chombo, na hatimaye huwa urojo, katlesi na chipsi. Tulizungumza na mfanyabiashara mmoja wa Kihesa ambaye huwakusanyia wenye malori. Tukamwuliza viazi vyake huliwa wapi. Akajibu, "Vinakwenda Dar." Tukamwuliza huko Dar huishia kwa nani. Akacheka kwa adabu, akasema hilo wanalijua wenye malori. Tunao ushahidi wa kutosha kwamba mwenye lori naye angesema wanalijua wa sokoni.

Hivyo baina ya mkulima wa Njombe na mwuza urojo wa Forodhani kuna watu watano au sita, na hakuna hata mmoja anayebeba maneno. Wote hubeba magunia tu. Na laiti maneno yangebebwa! Mwuza urojo angesema anataka mbatata isiyosambaratika ndani ya rojo, na mwuza chipsi angesema anataka ile kavu isiyonywa mafuta. Watafiti wa kilimo wa Uyole, Mbeya, wanaelewa vyema kwamba aina moja haitoshelezi vyungu vyote. Mama wa nyumba angesema kwamba mwezi wa Ramadhani haja yake ya mbatata haina mfano, na kwamba mwezi huo husogea nyuma siku kama 11 kila mwaka wa kizungu. Basi mkulima anayepanda kwa kufuata desturi ya mwaka jana hawezi kuukuta. Kalenda haifichwi. Kinachotakiwa ni mtu mmoja tu wa kuipeleka shambani.

Na wote kwa pamoja wangelalamikia lumbesa. Sheria ya vipimo inakataza gunia kuzidi kilo 100, lakini magunia yenye vilemba yangali yanaonekana barabarani. Kwa desturi hutetewa mkulima anayepunjwa, na hiyo ni haki kabisa. Sisi twaongeza kwamba hata mnunuzi wa mwisho hakulitaka gunia lile. Lumbesa humvunja mgongo mchukuzi wa bandarini, viazi vya katikati huchubuka na kuoza, na mwenye genge hununua kitu asichojua uzito wake, kisha hukigawa katika mafungu kwa kukisia. Mfuko wa kilo 25 wenye matundu ya hewa, ulioandikwa aina ya kiazi na tarehe ya kuchimbwa, ungekuwa bidhaa mpya kabisa ingawa kiazi ni kilekile. Hauhitaji kiwanda. Wahitaji mshonaji, mizani ya kweli, na chama cha ushirika kimoja chenye ujasiri wa kuanza.

Tunapenda kusema neno na watumishi wa serikali, kwa kuwa wao ndio wenye funguo za hazina. Kwa mujibu wa sheria iliyorekebishwa mwaka 2018, halmashauri za Tanzania Bara hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa ajili ya kuvikopesha vikundi: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, na mbili kwa watu wenye ulemavu. Utaratibu huo ulisimamishwa mwezi wa Aprili 2023 ili urekebishwe, ukarejea mwaka 2024. Visiwani nako ipo mipango yetu ya kuwawezesha wananchi. Fedha hizi ni za umma na nia yake ni njema. Lakini mtu akipita katika maonyesho ya Nane Nane au ya Saba Saba ataona vikundi 30 vilivyopangwa mstari mmoja, na karibu vyote vina sabuni ya maji, batiki na pilipili ya chupa. Si kwamba akina mama hawana akili. Ni kwamba walifundishwa na mkufunzi yuleyule, kwa daftari lilelile, na baada ya mafunzo ikapigwa picha ya pamoja. Sabuni ikikosa mnunuzi mtaani huwa haina nafasi katika picha. Marejesho yanapokwama, kikundi huitwa sugu.

Tumebahatika kusoma michanganuo kadhaa ya biashara iliyoandikwa na vikundi vya namna hiyo. Gharama za malighafi huorodheshwa hadi bei ya kizibo. Penye kichwa cha habari cha soko, aghalabu huandikwa maneno mawili tu: soko lipo. Afisa hutia sahihi. Twauliza kwa unyenyekevu, angeandikiwa "mafuta yapo" na dereva wa gari la idara, asingeinama kutazama mshale?

Hatupendekezi tume wala warsha. Tunapendekeza kwamba kabla ya kikundi kupewa mkopo, wanachama wake watumwe kwa siku saba wakazungumze na watu 20 ambao wanatumaini kuwauzia, wasio ndugu zao, na wayaandike majibu kwa mkono wao: mtu huyo anatumia nini sasa, anakinunua wapi, kwa kipimo gani, na nini kinamuudhi. Karatasi hizo ziambatishwe na ombi. Afisa maendeleo ya jamii azisome, na achague mbili akahakikishe kwa miguu yake. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, lililoundwa mwaka 1973 kwa ajili ya watu hasa wa aina hii, lina ofisi mikoani na laweza kuwafundisha mafundi wake kuuliza kama linavyowafundisha kuchomelea. Kwa upande wa visiwani, tungependa zoezi hilo lianzie kwa wakulima wa mwani wa Paje na Jambiani, na swali la kwanza liwe la mashua.

Itasemwa kwamba mnunuzi maskini hajui anachotaka mpaka aonyeshwe. Hoja hii ina ukweli kidogo. Hakuna aliyeomba M-Pesa kwa jina lake. Lakini yule mama lishe wa Kihesa hakuombwa achore jiko. Aliombwa aseme kilichomshinda, akakisema kwa dakika tano, akiwa amesimama barabarani na kapu la mchicha mkononi. Kuchora ilikuwa kazi ya fundi, na ameifanya.

Tulipoagana naye tulimwuliza atayafanyaje yale majiko 11. Alisema anafikiria kuyakata, maana chuma chake bado ni kizuri, ila kwanza anataka kupita upande wa Mkwawa, ambako amesikia wapo wapangaji vijana wanaoishi chumba kimoja na kupikia mkaa, akawaulize wao wanapika nini.